Kitanda Kisichotoa Siri

Katika mtaa ule wa nyumba za mbao, upande wa Butembo unaopanda kuelekea barabara ya Beni, kijana aliyetaka kuoa alikwenda kwanza kwa padri, kisha kwa Esdras. Padri alimpa baraka, Esdras alimpa kitanda. Vitanda vya Esdras vilikuwa vya libuyu, mti mwekundu mzito uliokuja kwa malori kutoka misitu ya ng'ambo ya Beni, na sifa yao ilikuwa moja: havikulia. Mtu angejigeuza, angejikuna, angefanya na mengine ambayo si ya kusimuliwa mbele ya watoto, kitanda kilinyamaza kimya. Watu wakasema kitanda cha Esdras hakitoi siri. Yeye alisikia sifa hiyo kila wiki na hakuichoka hata siku moja.

Alikuwa mtu mfupi wa vidole vinene, mkubwa wa shirika, yaani zile familia za Kikatoliki za mtaa zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mkewe, Kavira, alilima viazi na mboga za lenga-lenga bondeni. Binti yao mkubwa, Victoire, alikuwa amemaliza shule na kujifunza kushona. Waliozaliwa baada yake Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, mpaka akaja Josaphat, mtoto wa uzeeni, wakati wazazi walishakata tamaa na kugawa nguo za kitoto kwa majirani.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Waasi walikuwa na serikali yao Beni, barabara zilijaa vizuizi vya askari, vijana walioa kwa nadra na watu walikufa kwa wingi. Kwa desturi sanduku la maiti halitengenezwi kabla mtu hajakata roho, maana kulitengeneza mapema ni sawa na kumwita mwenye kulilalia. Lakini vita havingoji mbao zikauke. Esdras akajifunza kuweka masanduku tayari, ya karatusi, nyuma kabisa ya karakana, akayafunika turubai ili wanaokuja kununua vitanda vya arusi wasiyaone. Ukimuuliza kuna nini chini ya turubai, alikujibu kuna mbao. Tuseme ukweli, huyu mtu alizoea kufunika vitu kabla mtoto wake hajaanza kumsumbua.

Na mtoto alianza hivi. Usingizi ulipomchukua, Josaphat alilala kifudifudi, akajiinua kwa mikono, akagonga paji la uso kwenye mto. Akajiinua tena, akagonga tena, kwa mwendo wa mwanamke anayetwanga sombe, majani ya muhogo, huku akivuma kwa sauti ndogo puani. Alipokuwa mdogo Kavira aliuona kama mchezo, na wanawake wa shirika walimwambia watoto wengi hufanya hivyo kisha huacha. Wa wenzake waliacha kweli. Wake hakuacha. Alipofika umri wa kwenda shule alikuwa na nguvu, na kitanda cha libuyu kisicholia kikaanza kulia.

Nyuma ya ukuta wa mbao alikaa Zorobabel, fundi viatu, mtu wa utani ambaye hata msibani hakuweza kufunga mdomo. Zorobabel alisikia kitanda cha jirani kikilia kwa mwendo usiokatika, akahesabu lake kichwani. Siku moja ya Kwaresima, wanaume wametoka misa wamesimama uwanjani, akamuuliza Esdras mbele ya wote:

"Mukubwa wa shirika, hata mu Kwaresima hamupumuzike?"

Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Esdras naye akacheka. Hapo ndipo mtu anapotamani kumshika kola. Angeweza kusema, ni mtoto, hulala vibaya. Hakusema. Alikunja uso kidogo kama mwenye haya, akatabasamu, akaacha waamini walivyoamini. Aliona ni afadhali aitwe dume kuliko aitwe baba wa mtoto mwenye kifafa.

Mzigo wa utani ule aliubeba Kavira. Alipofika kisimani wanawake walinyamaza, kisha mmoja akamuuliza anampikia mumewe nini, wengine wakaangalia mitungi yao wakijizuia kucheka. Alirudi nyumbani na mtungi nusu. Akamwambia mumewe, "Weye unacheka, miye minabeba." Esdras aliona haya, akatoka nje kunoa randa ambayo ilikuwa kali tayari.

Ili umwelewe, bila kumsamehe, ni lazima ujue kifafa kilivyoogopwa. Familia haipeleki mbuzi kwa msichana kabla ya kuchunguza ukoo wake: kuna wezi, kuna wachawi, kuna kifafa? Nyumba yenye kifafa wasichana wake huzeekea jikoni. Watu huogopa mate ya mgonjwa, hawali naye sahani moja. Utotoni mwake, kijijini Lubero, Esdras alimwona kijana wa jirani akianguka kwenye moto wa kuchoma viazi. Povu lilikuwa mdomoni, na kwa kuogopa lile povu hakuna aliyemvuta. Esdras alikuwa miongoni mwa waliosimama kuangalia. Jambo hilo hakumwambia mtu, hata Kavira. Kwa hiyo alipomsikia mwanawe akigonga, hakuuliza ni nini. Alidhani anajua.

Alianza kumtibu kifundi. Alikaza vigingi vya kitanda, akaweka vipande vya tairi chini ya miguu yake, akakisogeza mbali na ukuta wa Zorobabel. Kitanda kikaendelea kulia. Ndipo akachukua kikwembe kikuukuu cha Kavira, akakichana vipande virefu, akamfunga mtoto mikono kwenye mbao za pembeni ili asiweze kujiinua. Kugonga kukakoma. Badala yake miguu ndiyo ikaanza, ikirusha blanketi mpaka asubuhi. Josaphat aliamka amechoka, akasinzia darasani, akanywa chai kikombe juu ya kikombe, na mara kwa mara Kavira alimkuta akilamba udongo wa ukuta wa jikoni.

Kavira alisema waende hospitali. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akasema kwa kunyamaza. Esdras alikuwa na jibu moja: "Mbele Victoire aolewe. Kisha tutaenda."

Maana Victoire alikuwa amepata mtu. Aliitwa Luc, kijana wa Beni aliyeuza vitenge, mpole, wa familia inayosali. Walijuana kwenye mkutano wa kwaya za parokia. Victoire hakusema mengi, lakini alianza kuimba akishona, na mama yake alijua maana yake. Ikaja habari kwamba Jumamosi familia ya Luc ingefika kujitambulisha, na mbuzi wa kwanza wa mahari. Msemaji angekuwa baba mkubwa wa Luc, mzee Vagheni. Na pamoja naye angekuja shangazi yao Agar, muuguzi wa Beni.

Esdras alilishika neno muuguzi. Macho ya mzee angeweza kuyajaza kasikisi, pombe ya ndizi, yakalegea. Macho ya muuguzi angeyajaza nini?

Akakata shauri kumpeleka mtoto Alimbongo, upande wa Lubero, kwa mama mkwe wake. Lakini wiki hiyo risasi zililia upande wa kusini, magari ya Lubero yakasimama, na mpaka Ijumaa hakuna dereva aliyekubali kutoka. Jumamosi asubuhi Kavira alifagia uwanja huku akimwangalia mumewe azungukavyo. Akamwambia kama ni kumfunga mtoto mchana mbele ya mbuzi wa dada yake, yeye hatakubali. Esdras akasema hatamfunga. Atacheza tu karakanani, mlango ukiwa umefungwa, mpaka wageni waende. Wageni wa Beni hawakai, barabara haiwaruhusu kuchelewa.

Josaphat alilishwa mapema, na akishiba hulala. Hilo baba yake alilijua vizuri. Karakana haikuwa na pa kumlaza. Benchi la kazi liligusa ukuta, na ukuta ungepiga kelele. Chini kulijaa misumari na vipande vya mbao. Esdras alisimama katikati ya karakana yake kama mtu aliyepotea ugenini. Kisha akaenda nyuma, akafunua turubai.

Alijiambia ni sanduku tu. Lina kuta pande zote, mtoto hataanguka. Alilitoa, akaliweka sakafuni, akalijaza maranda laini ya libuyu mpaka nusu, akayapapasa kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda. Josaphat hakujua masanduku yale ni ya nini. Daima aliyaona yamefunikwa. Akaingia mwenyewe akicheka, maranda yakimtekenya shingoni.

"Papa, ni kitanda ya miye?"

"Ndiyo. Lala."

Akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwa koti lake la Jumapili.

Wageni walifika na vumbi la vizuizi vyote vya njiani. Mbuzi alifungwa kwenye mti wa uzio, kasikisi ikamiminwa, na Zorobabel, aliyealikwa kama jirani mwema, akakaa karibu na mtungi. Mzee Vagheni alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa kusema polepole. Alianza kwa mzunguko kama ilivyo desturi: walipotelewa na njiwa, wakafuata manyoya, manyoya yakawaleta mpaka kwenye uwanja huu. Watu walicheka panapostahili. Agar, mama mnene mwenye miwani, alikuwa kando ya Kavira akimuuliza habari za viazi. Victoire alitokea na kitenge kipya, akasalimia kwa magoti, akarudi ndani. Esdras akaanza kupumua.

Kisha Vagheni akauliza, kwa njia ya kawaida kabisa, nyumba hii ina watoto wangapi.

"Tuko na Victoire," Esdras alisema. "Na mudogo yake. Ye iko Alimbongo, kwa koko yake."

Kavira aliangalia miguu yake. Na hapo hapo sauti ikatoka karakanani, ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa sauti nzito ya kitu kinachogonga mbao zenye uwazi ndani yake. Ikagonga tena. Maranda yalikuwa yamesogea miguuni, na paji la uso la Josaphat likawa linakuta ubao wa karatusi mtupu. Hakuna ngoma inayolia vizuri kama sanduku la maiti lisilo na maiti.

Zorobabel alikuwa ameinua kikombe. Alikishusha. Aliijua sauti hiyo. Aliisikiliza nyuma ya ukuta miezi na miezi, na aliifanyia utani mbele ya watu. Akamwangalia Esdras, ameketi hapa. Akamwangalia Kavira, ameketi pale. Akaelekeza macho karakanani.

Esdras alisema ni fundi wake mdogo, anapiga misumari. Vagheni akauliza kama katika nyumba hii watu hupiga misumari siku ya kupokea wageni. Agar alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Alisema nyundo haina mwendo kama ule.

Kavira akasimama. Alimwendea mumewe mbele ya wageni, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Alimpa. Angefanya nini? Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa huyu, kifo hakikuwa na haja ya kuja chenyewe, kilituma sanduku lake.

Mlango ulipofunguliwa mwanga uliangukia sanduku na mtoto ndani yake, akijiinua na kugonga, akijiinua na kugonga, maranda kichwani, macho yamefumba. Kavira alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuwa ameambiwa habari ya sanduku. Alitaka kumrukia mtoto, lakini Agar alimzuia kwa mkono. Alichuchumaa, akatia kiganja chake kati ya paji la uso na ubao, akaangalia kwanza mapigo kadhaa, bila haraka. Halafu akamuuliza Kavira jina la mtoto, akaliita kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mezani. Josaphat akaacha papo hapo. Akafungua macho, akamwona mama yake, akauliza kama wageni walishaleta mbuzi.

"Mutoto wa kifafa hapana kuitika vile," Agar alisema. "Miye si munganga. Lakini ile si kifafa. Jumatatu mumupeleke kwa docteur."

Kisha akaushika mkono wa mtoto kumwinua, na shati likapanda. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama nyeusi ya kuzunguka, ngozi imekuwa ngumu. Akatazama na mkono wa pili. Aliuliza hii nayo ni nini. Ni Victoire aliyeingia, na kitenge chake kipya, akamtoa mdogo wake ndani ya sanduku, akampakata, akaanza kumtoa maranda nywelini moja moja, bila kumwangalia baba yake.

Vagheni hakumtazama mtoto. Alilitazama sanduku. Aligusa ukingo wake kwa kidole, akakivuta kidole nyuma. Uwanjani hakukaa tena. Alimwambia Esdras maneno yake akiwa amesimama:

"Kama ungesema, mutoto yangu iko na bugonjwa, tungekaa, tungekula. Bugonjwa iko mu kila nyumba. Lakini mutu anaweka mutoto muzima mu sanduku ya maiti, kisha anatuambia iko Alimbongo. Ile njo tunaogopa."

Wakaondoka mchana mweupe. Mbuzi alifunguliwa mtini, akashuka nao njia nzima ya mtaa, na watu wakatoka milangoni kumwangalia mbuzi aliyekuja asubuhi anavyorudi. Esdras alisimama uwanjani na koti lake la Jumapili. Aliona aibu mpaka masikioni, aibu inayochoma. Na cha ajabu, hata siku hiyo aliona aibu zaidi kwa sababu ya mbuzi kuliko kwa sababu ya alama za mikononi. Aibu nayo huchagua pa kukaa.

Jumatatu walimpeleka mtoto hospitali. Daktari aliitwa Roger, kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa kabla ya vita, na vita vikamfungia huku. Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala, watu walimpenda hivyo hivyo. Aliuliza mengi. Je, mtoto hukakamaa? Hujikojolea, hujiuma ulimi? Akiitwa huamka? Alifunua kope za Josaphat, akaona ndani peupe. Alipoambiwa habari ya kulamba ukuta akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitarajia. Akasema mashine ya kupima ubongo haipo hapa, wala Beni. Kilichopo ni macho. Akamlaza mtoto baada ya chakula kwenye godoro wodini, akamwambia Esdras akae karibu, aangalie kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asimguse.

Esdras akakaa. Na hapo, akiwa ameshika kofia magotini, aligundua kwamba hajawahi kumtazama mwanawe akilala. Alikuwa amemsikia kupitia ukuta. Alikuwa amemfunga na kutoka. Sasa aliona usingizi unavyokuja, kichwa kinavyoanza kidogo kidogo, mvumo unavyopanda puani, na aliona uso. Alitegemea kuona mateso. Uso wa Josaphat ulikuwa umetulia kuliko akiwa macho. Baada ya muda mwendo ukapungua wenyewe, ukasimama, mtoto akawa amelala tu.

"Unaona, Papa?" daktari alimwambia. "Iko anajibembeleza. Bengine banaweka kidole mu kinywa. Ye, anafanya vile. Haiko kifafa, haiko ndoki, ile buchawi. Batoto mingi banaacha mbele ya myaka tano. Ye anachelewa kuacha. Na miguu yake, ile ni damu. Damu inakosa fer, miguu haipumuzike."

Akawaeleza matibabu, na yalikuwa mepesi mpaka yakauma. Godoro liwe chini, mbali na ukuta. Mtoto alale saa ile ile kila siku, kwa wimbo au sala ile ile, asipelekwe kulala kabla usingizi haujamshika. Asipigwe, asichekwe. Dawa ya minyoo, na sharubati ya fer, yaani madini ya chuma, ambayo ingemfanya awe na meno meusi kwa muda. Maharage na lenga-lenga kwa wingi, chai hapana. Awekwe mbali na habari za risasi kadiri inavyowezekana, maana hofu huongeza kugonga. Kisha akaushika mkono wa mtoto, akageuza kiganja.

"Nani anamufungaka?"

Kavira alikuwa ameketi kando, mkoba mapajani. Esdras alifungua mdomo akiwa na nia ya kusema kweli, naapa alikuwa nayo, na kilichotoka ni hiki:

"Mama yake alikuwa naogopa aanguke."

Daktari akamgeukia Kavira, akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua, kwamba kumfunga mtoto ni vibaya. Kavira alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo, docteur." Njiani kurudi alimshika Josaphat mkono, akatembea mbele. Neno hilo hakulitaja siku hiyo wala baadaye, na Esdras angetoa libuyu yote ya karakana ili mkewe alitaje, amtukane, amalize.

Dawa ilifanya kazi, ingawa si kwa siku moja. Miguu ilitulia kwanza. Halafu Josaphat akaacha kulamba ukuta, akaacha kusinzia shuleni. Kugonga kulipungua kukawa kutikisa kichwa tu, na kulirudi kila mara risasi zilipolia milimani, kisha kukaondoka tena. Vile vipande vya kikwembe Kavira alivifua, akavishona, vikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Kila siku Esdras alikula chakula kilichoshikwa navyo.

Luc alioa msichana wa Kasindi. Victoire hakulaumu mtu. Alifunga cherehani yake kwenye shuka, akapanda lori kwenda Kanyabayonga, kwa mdogo wa mama yake, kushonea watu wa soko. Alituma salamu kwa mama na kwa Josaphat, na wabeba salamu, kwa adabu, waliongeza jina la baba.

Kwa kuwa mtaa mzima ulijua habari ya mbuzi, ilijulikana pia kuwa mtoto wa Esdras aligonga kichwa na akapona. Wazazi wakaanza kuja karakanani. Walijifanya wanatafuta vitanda. Walipapasa mbao, wakauliza habari za misumari, kisha wakashusha sauti: kwao kuna mtoto ambaye usiku hufanya hivi. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Esdras aliwaambia yote: godoro, saa, wimbo, fer, lenga-lenga. Akawatuma kwa daktari Roger. Zorobabel, aliyeacha utani wa vitanda, aliwaelekeza wengine. Lakini habari ya zile kamba za kikwembe Esdras hakuisema. Kuhusu sanduku, wakiuliza, alisema watu huongeza chumvi. Na aliyeuliza sana kama mtoto alifungwa, alimjibu kwamba mama yake aliogopa aanguke. Uongo ukishatoka mara moja hujua njia.

Siku moja akaja mke wa askari, mgeni kutoka mkoa mwingine, jina lake Jeannine, na binti yake mdogo, Audrey, aliyevaa sweta la mikono mirefu juani. Esdras alimweleza kama alivyowaeleza wengine. Mama yule alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alisimama akipapasa ubao kwa kidole. Josaphat, sasa mvulana mkubwa wa kukusanya maranda kwenye gunia, alikuwa akifagia. Kavira alikuwa ameleta chakula, amekiweka juu ya benchi, anajifuta mikono kwenda zake.

Jeannine akamwinamia mvulana, akamuuliza yeye, alipokuwa mdogo, alilala vizuri wapi.

Josaphat hakufikiri sana.

"Mu sanduku ya papa," alisema. "Mara moja tu. Mule hapakuwa kamba."

Akaendelea kufagia. Hakuwa na kinyongo. Aliulizwa swali, akajibu. Esdras alikuwa na randa mkononi, na randa ilisimama katikati ya ubao. Siku zote hizo alijiambia mtoto alisahau.

Jeannine alimvuta binti yake karibu, akapandisha mkono wa sweta lake taratibu, akauacha mkono wazi. Alama ilikuwa mbichi. Kisha akainua macho kumwangalia fundi, macho ya mtu anayengoja kuhukumiwa, na Esdras aliyajua macho yale kuliko alivyoujua ubao wowote.

Kavira alikuwa amefika mlangoni. Esdras angeweza kumngoja aende kwanza, ndipo aseme.

"Mama yake hapana," Esdras alisema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena. "Ni miye njo nilimufunga. Kila siku. Mama yake alinikataza."

Kavira hakugeuka. Alisimama mlangoni, mkono juu ya mbao, kisha akarudi, akachukua sahani ya mumewe juu ya benchi, maana chakula kilikuwa kinapoa, akaifunika.